Koko Alisema Mengi, Mimi Nikasema Hapana

Louisville, Jumamosi, saa nane mchana

Sifa mwanangu,

Afya yako siulizi. Asubuhi nimekuona ukila mandazi matano ukiwa umesimama, na mgonjwa hali hivyo. Ya kwangu unaijua: goti na hasira, vyote viko pale pale. Mama yako amekuchukua kwenda kuwaaga watu wa kanisa, na jinsi ninavyowajua watu wetu wa huku South End, kila nyumba itataka kukuombea na kukulisha kabla haijakuachia mlango. Kwa hiyo nina saa nne peke yangu hapa mezani. Nimezima simu. Watu wa kundi langu la simu watadhani nimekufa.

Sitakuandikia habari za mafuta ya gari, wala koti, wala namna ya kushika breki kwenye theluji. Mama yako amekwisha kuyaandika hayo kwenye karatasi mbili na kuzigandisha kwa utepe ndani ya gari lako. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka kwa miaka kumi na minne. Kesho unarudi Buffalo, mji ule ule tulioanzia, na sitaki uende ukiwa umebeba siri yangu ambayo sikuwahi kukuomba uibebe. Nilikubebesha tu, kwa jicho, ukiwa na miaka kumi na mmoja.

Unaona, hata hapa kalamu inataka kukimbilia kwenye mabishano, kwa sababu huko ndiko inakojua njia. Ngoja niiache ibishane kidogo, ichoke, kisha turudi.

Wiki tatu zilizopita ulipotuambia mezani kwamba umepata kazi, mama yako alipiga kigelegele hadi jirani akagonga ukuta. Kisha ukaeleza kazi yenyewe. Kuna watafiti wanaopima dawa za mitishamba za Kikorea, zile za kuchemshwa, kuona kama zinawasaidia wagonjwa wa saratani ambao matibabu yamewamaliza nguvu na hamu ya kula. Wewe, mfamasia wetu, utakaa na kila mgonjwa umwulize kila anachomeza, cha hospitali na cha nyumbani, uandike, uangalie kipi kinagombana na kipi. Nikaweka kijiko chini.

"Miaka yote hiyo ya shule, Sifa, ili ukachemshe majani?"

"Papa, sichemshi. Ninauliza."

"Unamwuliza nani? Waganga?"

Mama yako akasema, "Baba Sifa, bon, acha mutoto akule."

Sikuacha. Nilikuhutubia kama vile ulikuwa umati. Nilikuambia kuhusu chupa zinazouzwa kwenye makundi ya simu, zinazotibu sukari, presha, ugumba na kesi za uhamiaji kwa kijiko kimoja. Nilikuambia kuhusu mchungaji anayeuza mafuta ya miujiza. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukafuta mdomo, ukanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yako ukikasirika, kwamba lazima awepo mtu wa kuuliza swali lile na kusubiri jibu lote. Jibu lote. Ulitamka maneno hayo mawili ukinitazama usoni, halafu ukaosha sahani yako ukaingia chumbani.

Mama yako alidhani ni ubishi wetu wa siku zote. Mimi nilibaki mezani nikiyarudia maneno yale mawili. Kumbe unakumbuka. Miaka yote hii nilijidanganya kwamba ulikuwa mdogo, kwamba ulikuwa unasoma kitabu chako, kwamba hukusikia.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma. Nimesoma makala ulizoziacha juu ya friji, na nyingine nimezitafuta mwenyewe wakati wa mapumziko ya kazi ghalani, nimekaa juu ya mbao za kubebea mizigo huku vijana wakiniuliza kama ninasomea urubani. Nilisoma nikitafuta tapeli wa kumpiga. Ndivyo ninavyosoma kila kitu, unanijua. Sikumpata. Nilikuta Korea ni nchi yenye madaktari wa aina mbili, wa dawa za kisasa na wa dawa za jadi, kila mmoja na shahada yake na leseni yake, na mgonjwa anatoka kwa huyu anakwenda kwa yule bila kujificha. Nikakuta watu wanaoandika kwa upole kwamba bado hawajui, kwamba wagonjwa waliopimwa walikuwa wachache, kwamba ini liangaliwe, kwamba mgonjwa aulizwe dawa nyingine anazotumia. Lile swali tena. Kila ukurasa liko.

Bado nina ugomvi nao, usifurahi mapema. Habari ya kwamba jambo limefanywa kwa karne nyingi hainitishi, kwa sababu kwa karne nyingi watu walichanjana na kumwagana damu wakiamini wanaponyana. Na unieleze hili: kama daktari wa Kikorea akiwaona wagonjwa wawili wenye ugonjwa mmoja anawapa michanganyiko miwili tofauti, kwa sababu huyu ana baridi tumboni na yule ana joto kifuani, nyinyi mtapima nini hasa? Mizizi? Au daktari? Nimeona wenzako nao wanaumiza kichwa kwa hilo. Na pale niliposoma kwamba ili kupima kwa haki lazima mtengeneze mchemsho wa bandia, wenye weusi ule ule na uchungu ule ule lakini usio na dawa ndani, nilicheka peke yangu hadi msimamizi akaja. Kutengeneza uchungu usio na dawa! Nawajua wahubiri kadhaa wenye ujuzi huo.

Sasa kalamu imechoka kidogo. Twende.

Jumanne nilikwenda kwa Baba Amani, yule wa ghalani anayeimba besi kanisani. Bomba la jikoni kwake lilikuwa linavuja. Nilipoinama chini ya sinki nikaona chupa ya maji ya kahawia, ndani yake vipande vya mti.

"Hii nini?"

"Mafuta."

"Mafuta yenye mizizi?"

Alicheka, kile kicheko cha mtu aliyeshikwa. Baba Amani ana sukari, na dawa za hospitali anameza kila siku. Akaniambia, "Mwalimu, weye tunakusikilizaka sana. Ujumbe yako ya Siku ya Mungu, miye na bibi yangu tunasikilizaka mpaka mwisho. Kiisha tunafichaka chupa."

"Na daktari wako umemwambia?"

"Daktari? Nilifikiri ataongea sawa weye."

Nilikaza bomba, nikanywa chai, nikarudi nyumbani. Miaka kumi na minne ninarekodi ujumbe kila Jumapili dhidi ya dawa kama hizo, watu wanausikiliza kwenye simu Buffalo, Columbus na hapa, wananiita Mwalimu, wananicheka, wananiogopa. Na matunda yake ndiyo hayo: mtu mzima anaficha chupa chini ya sinki, na anamficha daktari kwa sababu anadhani daktari ana mdomo kama wangu. Niliwashinda wote kwa hoja. Hakuna hata mmoja aliyeacha kunywa. Walichoacha ni kusema.

Na mtu wa kwanza niliyemfundisha kunyamaza alikuwa Koko, mama yangu.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Buffalo, kule East Side, ya mbao, sisi juu na familia ya Warundi chini. Baridi ya mwaka wa kwanza Koko alikuwa anavaa vitenge vitatu na koti la msaada juu yake. Hakuzoea joto la ndani, alisema linanuka vumbi. Mpaka alipogundua duka la kufulia nguo la Mama Yun pale kwenye kona. Mashine zile zilitoa joto la mvuke, joto la kweli, kama la jiko, na kuanzia hapo Koko alihamia. Asubuhi anavuka barabara, anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine, jioni unakwenda kumchukua. Hawakuwa na hata neno moja la pamoja, yule Mkorea na yule mama wa Kivu. Walikuwa wanakunja mashuka. Huyu anashika pembe hizi, yule anashika zile, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Nilipomwuliza Koko anapata nini pale, alinijibu, "Ule mama njo mutu moja tu wa huku mwenye hajaniomba karatasi."

Mama Yun ndiye aliyeanza kumpa ile mifuko myeusi ya mchemsho. Wewe ndiye uliyekuwa unaikata pembe kwa mkasi na kuipasha ndani ya maji moto. Siku moja ulionja. Uliutema ule mchemsho juu ya zulia, ukakimbia nyumba nzima ulimi umeutoa nje, na Koko akacheka mpaka akalala chini. Sikumbuki kama alicheka hivyo tena hapa Amerika. Ilikuwa mizizi na magome ya miti, imechemshwa na mtaalamu wao mmoja aliyekuwa anamhudumia Mama Yun mwenyewe, na pembeni kulikuwa na vile vipande vya jinseng, mzizi wao mweupe, ambavyo Koko alitafuna kama muwa. Alisema miguu imepata nguvu. Mimi nilisema ni uchafu. Nilimwambia mara nyingi, kwa sauti kubwa. Yeye aliendelea kunywa mbele yangu bila hofu yoyote. Shika hilo: wakati ule alikuwa anakunywa mbele yangu.

Kisha moyo wake ukaanza kupiga ovyo, hospitali wakampa dawa ya kuzuia damu isigande, na tukaitwa kliniki kwa ajili ya kupimwa. Shule yako ilikuwa imefungwa siku hiyo, ukaja nasi. Walitupa mkalimani wa kwenye simu, dada mmoja mwenye Kiswahili safi cha Tanzania. Koko akanigeukia akaninong'oneza, "Uyu anaongea sawa radio." Nikaona nafasi yangu. Nikamwambia daktari aikate simu, mimi ni mwalimu wa lugha, nitatafsiri mwenyewe.

Daktari alikuwa kijana, amechoka, lakini mwenye adabu. Aliuliza kama mama anatumia mitishamba, chai ya mizizi, chochote ambacho hakikutoka kwao. Nilimtafsiria Koko swali hilo vizuri sana. Uso wake ukafunguka. Akafungua fundo la kitenge, akatoa mfuko mmoja mtupu, umeoshwa na kukunjwa, akauweka juu ya goti. Akasema:

"Ndiyo. Ambia daktari hivi: asubuhi mufuko moja, mangaribi mufuko moja. Inatoka kwa mama wa mashine. Yeye mwenyewe alinionyesha na mikono, peleka hii, daktari aone. Tangu nakunywa, miguu haiumi sana. Na siku ya baridi naongeza mizizi ile nyeupe, natafuna tu. Umuulize kama haigombane na dawa ya moyo."

Mama ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja aliuliza, kwa maneno yake, swali ambalo kesho kutwa wewe utalipwa mshahara kuliuliza.

Nikamgeukia daktari nikasema, "Hapana."

Neno moja. Daktari akanitazama, akamtazama Koko. "Amesema mengi," akaniambia. Nikacheka. "Wazee wetu wanapenda kusimulia." Naye akacheka, akaandika. Huku nacheka, nilichukua ule mfuko juu ya goti la mama yangu nikausukuma ndani ya mkoba wake. Na wewe pale dirishani ukainua kichwa kutoka kwenye kitabu ukasema, "Papa..." Nikakupa lile jicho. Ukainamisha kichwa.

Nakuambia kwa nini, bila kujitetea. Ilikuwa aibu. Kwa miaka miwili nilikuwa mtu wa kueleza kwamba mimi si mshenzi: kwa afisa wa wakimbizi, kwa msimamizi wa kiwandani, kwa dereva wa basi aliyeniongelesha polepole kama kiziwi. Nilikuwa na shahada ambayo hakuna aliyeisoma. Na nilitaka, katika chumba kimoja tu cha nchi hii, mbele ya mtu mmoja tu aliyevaa koti jeupe, nionekane mtu wa kisasa, mwana wa watu wa kisasa. Mizizi ya Koko ilikuwa inaniharibia. Basi nikamtoa mama yangu nje ya chumba akiwa amekaa ndani.

Baada ya wiki tatu alitapika damu. Wewe ndiye uliyemkuta bafuni. Sitakusimulia, ulikuwepo.

Alilazwa siku tisa. Muuguzi akaukuta mfuko ndani ya kitenge, na daktari mwingine akaniuliza kama nilijua. Nikasema hapana. Mara ya pili hii, na safari hii hata aibu haikuwepo. Ilikuwa woga mtupu. Je, ni mchemsho ule uliomtoa damu? Sijui, na wao hawakusema kwa uhakika. Walisema baadhi ya mizizi huchezea ile dawa, walisema huenda ni kipimo cha dawa yenyewe, walisema huenda tumbo lilikuwa na kidonda tangu zamani. Siku moja labda wewe na wenzako mtajua zaidi. Ninachojua mimi ni kwamba kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupima jambo hilo, naye hakupewa cha kupima.

Kutoka hospitali nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Yun. Nilimfokea mbele ya wateja wake. Hakuelewa maneno lakini sauti aliielewa, akasimama nyuma ya meza ameshika shati la mtu. Binti yake alitoka ndani akasikiliza, akamweleza, kisha akanitafsiria jibu. Alitafsiri kwa uaminifu, neno kwa neno, unaona tofauti yetu. "Mama anauliza: bibi hakumwonyesha daktari mfuko? Alimsihi amwonyeshe daktari. Mtaalamu wetu alitaka kujua anatumia dawa gani nyingine."

Yule mtaalamu niliyekuwa namwita mchawi alikuwa ameuliza. Daktari alikuwa ameuliza. Koko alikuwa amejibu. Watu wote katika habari hii walifanya kazi yao isipokuwa mwalimu wa lugha.

Nilimtukana nikaondoka. Jumapili ile nikarekodi ujumbe wangu wa kwanza, nikauita Majani Yalitaka Kumwua Mama Yangu. Ulikwenda kama moto. Ndugu wa Columbus wakanipigia, watu nisiowajua huku Kentucky wakaniomba nizidi kusema, na tangu hapo nina umaarufu wangu huu mdogo unaoujua. Wote umesimama juu ya lile hapana. Nimewashambulia waganga, wauza chupa, wachungaji wa mafuta, na wengi wao walistahili, hilo silirudishi nyuma. Lakini kila nilipopandisha sauti nilikuwa napandisha ili nisiisikie sauti ya mama yangu akisema "umuulize kama haigombane."

Tukahamia Columbus kwa baba yako mdogo, na Koko akaishi miaka mitatu zaidi. Hakupata tena mtu wa kukunja naye mashuka. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililonila. Kuna siku moja sijawahi kumsimulia mtu. Tulikuwa kliniki, mkalimani yuko kwenye simu, safari hii Mkongo mwenzetu, Kiswahili chetu kabisa. Akamwuliza Koko lile swali la mitishamba. Koko alinitazama kwanza mimi. Kisha akasema, "Hapana." Kwa sauti ile ile yangu, fupi hivyo hivyo.

Alipofariki nilikuta chini ya godoro lake tangawizi kavu, majani ya kutoka kwa mama mmoja wa kanisani, na unga wa mizizi ambao mpaka leo sijui ni wa nini. Alikuwa anakunywa gizani ndani ya nyumba yangu. Miaka mitatu.

Sifa, nisamehe lile jicho. Nisamehe kwa sababu ulisema "Papa" ukiwa sahihi, na ukajifunza siku ile kwamba kuwa sahihi kunaweza kukunyang'anya baba kwa muda. Mama yako huwaambia watu kwamba ulichagua famasia kwa sababu unapenda hesabu. Hesabu hukuwahi kuipenda. Mimi ndiye niliyekufundisha kuzidisha, najua machozi yaliyomwagika. Nadhani ulichagua kwa sababu ulikuwa chumbani siku ile kliniki. Na hukuniambia. Hata wiki tatu zilizopita, nilipokuwa nakuhutubia kuhusu majani, ungeweza kunimaliza kwa sentensi moja mbele ya mama yako, na wewe ukaosha sahani. Mimi nisingeweza. Mimi mtu akinipa nafasi ya namna hiyo namalizana naye hapo hapo, kisha naanza kumwonea huruma.

Mama yako nimemwambia juzi, alipokuwa anachambua majani ya mhogo ya sombe. Aliendelea kuchambua muda mrefu.

"Na mutoto alijua?"

"Alijua."

"Miaka yote?"

"Yote."

"Na ulikuwa unamufundisha juu ya kusema ukweli."

"Ndiyo."

"Bon," akasema, "andika basi. Na usiandike sawa vile unaongeaka."

Ndiyo maana nimejaribu.

Ujumbe wa kesho nimekwisha kuurekodi. Ndani yake nimesema yote haya: daktari, mfuko, hapana ya kwanza na ya pili, duka la Mama Yun. Nimewaambia wanaoficha chupa wazitoe chini ya sinki wampelekee daktari azione, na kama daktari akiongea kama mimi, watafute mwingine. Lakini sijautuma. Tulikuwa watatu wa familia chumbani siku ile, na mmoja amelala kaburini Columbus. Ukiniambia usitoke, hautatoka. Watanicheka, hilo nalijua, Baba Amani ataniimbia besi mwaka mzima. Hilo halinisumbui kama ninavyosumbuliwa na wazo kwamba ningekuuza na wewe pamoja na aibu yangu bila kukuuliza. Nimejifunza kuuliza, umeona? Umri wa miaka hamsini na mitatu.

Kama duka la Mama Yun bado lipo, usiniombee msamaha kule. Nitapanda basi nije mwenyewe. Nikifika unitafutie mkalimani, na asiwe wewe.

Sasa kuhusu kazi yako nina neno moja, na unaruhusiwa kulipuuza. Mdomo umeurithi kwangu, nilikusikia ukijadiliana na wale wanafunzi wa Kikenya waliokuja Pasaka, uliwanyoa. Endelea. Wauzaji wa miujiza wapige bila huruma, na watafiti wenzako pia wapige, siku watakapopenda majibu yao kuliko wagonjwa wao. Lakini anayekunywa usimguse. Anayekunywa ana sababu, na mara nyingi sababu yenyewe ni miguu iliyoacha kuuma, au mtu mmoja mjini aliyemkaribisha bila kumwomba karatasi. Ukimcheka mara moja tu umempoteza, na hutajua kwamba umempoteza, kwa sababu ataendelea kukuitikia vizuri.

Na siku itafika ataletwa kwenu mama wa kwetu. Atakuwa amevaa kitenge chini ya koti. Pembeni yake atakuwa kijana wake, shati limenyooshwa, Kiingereza kimenyooka, naye atakuambia usihangaike na simu, yeye atatafsiri. Atakuwa mtu mzuri, mwanangu. Atakuwa anampenda mama yake kweli. Mwombe kwa heshima akae nje. Akikuambia ana haki, mkubalie, kisha umwombe tena. Akikasirika mwache akasirike. Mimi ningekasirika sana, ningekurekodia ujumbe mzima. Mwonyeshe viti viko wapi. Kisha funga mlango, vuta kiti chako karibu na mama, umwulize anakunywa nini, na usiweke kalamu kwenye karatasi mpaka amemaliza kusema.

Ninakupenda, na leo sina hoja ya kuongeza.

Papa